Mzee Masalu na Ramani ya Kampuni

Siku za gulio Masalu Mihayo huenda kunyolewa kwa Bashiri hata kama hakuna cha kunyoa. Nywele zake zimebaki pembeni mwa masikio na kisogoni, kwingine ni upara mtupu, lakini saluni ya Bashiri pale Buseresere, kando ya barabara ya Biharamulo, haijawahi kuwa mahali pa kunyoa tu. Ina benchi refu, ina redio, ina televisheni ya ukutani inayoonyesha mpira bila sauti, na ina watu wasio na haraka. Humo kila mtu ana maoni, na mwenye maoni mengi kuliko wote ni huyu Masalu, mkulima wa pamba na mihogo kutoka kitongoji cha Mwabugalu.

Maoni yake yanajulikana mji mzima. Wanasiasa kwake ni wamoja, tofauti yao rangi ya fulana. Kampuni, ile inayochimba dhahabu nyuma ya kilima na yenye jina refu la kigeni ambalo hakuna anayehangaika kulitaja, ikijenga darasa moja inalipiga picha kumi, na ikichimba shimo moja hailipigi picha hata moja. Hapo benchi zima huwa upande wake. Wanapoachana ni kwenye mitambo. Wenzake wanalalamika kwamba bando la simu linaisha kabla mtu hajamaliza kusalimia, kwamba simu zinasikiliza watu wakiwa vyumbani, kwamba akili mnemba itawanyima watoto wao kazi kabla hawajazipata. Masalu yeye anaingoja kwa hamu hiyo akili mnemba.

"Wakiniletea kompyuta iwe mwenyekiti wa kitongoji naipigia kura leo hii," alisema siku moja, kichwa kimeinamishwa chini ya mashine ya Bashiri. "Mashine haina mjomba."

"Aliyeitengeneza anaye, mzee wangu," alijibu Bashiri. Bashiri kwa baba ni mtu wa Tabora, kwa mama ni wa Pangani, na hata jambo zito hulisema kama anayeulizia bei ya vitunguu.

"Aliyeitengeneza yuko China. Mjomba wake hanijui mimi."

Watu wakacheka, hoja ikapita, akakaa mwingine kwenye kiti.

Imani hiyo Masalu hakuiokota barabarani. Miaka mingi pamba yake ilipimwa kwa mizani ya mshale, na karani wa chama cha msingi alikuwa na kidole chepesi kuliko manyoya ya kuku. Masalu alijua anaibiwa, mkewe alijua, karani mwenyewe alijua kwamba wanajua, na bado kila msimu alipanga foleni na kusema asante. Ilipokuja mizani ya kidijitali, mzigo ule ule ukawa mzito ghafla. Alisimama mbele ya zile namba nyekundu, mtu mzima na wajukuu wake, machozi yakamlenga. Tangu siku hiyo akisikia mtu anaitukana mitambo hukasirika kama ametukaniwa ndugu.

Basi Kampuni ilipotangaza kwamba inapanua eneo lake, na kwamba Mwabugalu yote itahamishwa ili ipatikane sehemu ya kumwaga magwangala, yaani yale mawe yaliyokwisha kutolewa dhahabu, watu walikusanyika uwanja wa shule wakiwa na mambo mawili ya kuogopa. Moja lilikuwa kuhama. La pili lilikuwa droni. Waliambiwa kitaletwa kindege kisicho na rubani, kipige picha kila nyumba, kila shamba, kila mti na kila kaburi, na kitakachoonekana kwenye picha hiyo ndicho Kampuni itakachokitambua. Mmoja akasema kindege hicho kinafukuza mvua. Mwingine akasema kitachungulia wanawake bafuni. Vijana fulani walikuwa wameshaanza kutengeneza manati.

Masalu ndiye aliyesimama. Akawaambia waziweke chini manati zao. Akawaambia kwamba angekuja mthamini na kalamu yake, huyo wangepaswa kumwogopa, maana angepita kwanza kwa mwenyekiti, akala kuku, akaandika nyumba ya mwenyekiti kuwa kubwa. Droni haili kuku. Jicho lake halina upendeleo, alisema, na kwa mara ya kwanza katika nchi hii maskini na mwenye nacho watatazamwa kutoka juu kwa pamoja. Watu walimpigia makofi. Mwakilishi wa Kampuni aliyekuwepo alimpa mkono hadharani, jambo ambalo Masalu hakulipenda lakini hakulikataa.

Jirani yake Ignas aliyasikia maneno hayo na akayafanyia kazi kwa namna yake. Kabla ya droni kuja alirundika udongo mwekundu pembezoni mwa shamba lake la mahindi, akauzungushia mawe aliyoyapaka chokaa, akasimika msalaba wa miti.

"Nani kafa?" Masalu alimuuliza.

"Baba mdogo. Athanas."

"Tangu lini una baba mdogo?"

"Si alikuwa Kigoma muda wote, akaja kufia hapa zamani hizo," alisema Ignas, huku akikwepa kumtazama. Kampuni ilikuwa imetangaza fidia kwa kila kaburi litakalohamishwa, na Ignas ni mtu wa kusikia matangazo.

"Mashine itakuumbua," Masalu alimwambia, akaenda zake.

Kindege kilikuja asubuhi tulivu, kikazunguka kikivuma kama nyuki, kikaondoka. Hakikufukuza mvua, ilinyesha wiki hiyo hiyo.

Baadaye Kampuni ilirudi na ramani. Ilikuwa picha kubwa kama turubai, imetundikwa kwenye ukuta wa darasa, na mbele yake alisimama ofisa wa mahusiano, msichana aitwaye Zipora, ana kishikwambi mkononi na kofia ya plastiki kichwani ingawa hapakuwa na kitu cha kumwangukia. Watu walijisahau kabisa. Walisukumana kutafuta mapaa yao, walionyeshana vyoo vyao kwa furaha, mama mmoja aliona kanga zake kwenye kamba akapiga vigelegele. Makaburi yalikuwa yamewekewa alama ndogo nyekundu za msalaba.

Masalu aliikuta nyumba yake. Alikiona kihenge chake na ua wake wa minyaa. Aliliona shamba la Ignas, na pembezoni mwake alama nyekundu, safi kabisa, ya marehemu baba mdogo wa Kigoma. Akatelezesha kidole hadi kwenye shamba lake la mihogo lililo nyuma ya nyumba, mahali palipokuwa zizi la ng'ombe wakati wa ujana wake. Hapakuwa na alama yoyote.

Hapo ndipo alipozikwa baba yake, mzee Mihayo. Alizikwa kama walivyozikwa wenye miji wa Kisukuma, wakuu wa kaya, siku hizo: ndani ya zizi, amefungwa kwenye ngozi ya ng'ombe, halafu ng'ombe wakarudishwa zizini jioni ile ile wapite juu yake. Hawakuweka jiwe wala msalaba. Kuacha alama kungekuwa kumtenga na mifugo yake kama mgeni. Heshima yenyewe ilikuwa kwamba kwato zisawazishe udongo mpaka asiyekuwepo asijue. Ng'ombe wakaja wakafa kwa ugonjwa, waliobaki wakatolewa mahari za vijana wa ukoo, zizi likaoza, Masalu akapanda mihogo, kwa kuwa samadi ya miaka mingi haiachwi bure. Yeye ni Mkristo, Jumapili haimpiti. Lakini akipata shida huenda kusimama kati ya ile mihogo na kumweleza baba yake, na huondoka hapo ametulia. Nyumba ingeweza kujengwa kwingine, na mihogo ingeota kwingine. Baba yake angebaki pale, na juu yake ungepandishwa mlima wa magwangala ambao hakuna mtoto wa mtu angeruhusiwa kuukanyaga.

Alingoja watu wapungue.

"Shikamoo, mzee," alisema Zipora.

"Marahaba, mwanangu. Hapa pana kaburi."

Zipora akaikuza picha kwenye kishikwambi kwa vidole viwili. "Hapa naona mihogo."

"Chini ya mihogo."

"Lina alama, mzee? Jiwe, msalaba, saruji?"

"Lilikuwa na ng'ombe."

Msichana akashusha sauti na kuhamia Kisukuma, kisha akarudi kwenye Kiswahili kama aliyekumbuka yuko kazini. "Mimi ni Msukuma wa Samuye. Babu yangu amezikwa hivyo hivyo."

"Kwa hiyo unajua."

"Mimi najua. Picha ndiyo haijui." Akatazama ukutani. "Mzee, nikiandika kaburi moja lisiloonekana, kesho nitaletewa mia. Wewe mwenyewe uliwaambia watu hapa: jicho la droni halina upendeleo. Walinisimulia ofisini. Walikusifu."

Msichana hakumdharau wala hakumdanganya, na hilo ndilo lililomuuma Masalu zaidi, maana karani wa pamba angalau alikuwa mtu wa kuchukia.

Alikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti alimsikiliza kwa huruma kubwa, akatikisa kichwa penye kutikisa, kisha akasema huu ni mwaka wa uchaguzi, tumalize uchaguzi kwanza, mengine yatazungumzika. Alikwenda ofisi ya Kampuni, akakaa kwenye kiti cha plastiki getini hadi mlinzi akamwonea aibu na kumletea maji ya kunywa. Akarudishwa kwa Zipora. Siku ya gulio alikwenda kwa Bashiri, akanyolewa, akalipa, akaondoka bila kukaa kwenye benchi. Bashiri alitoka mpaka mlangoni kumtazama. Ndani mtu alikuwa anasema kuhusu akili mnemba na hakuna aliyempinga.

Usiku alimpigia simu dada yake. Lusia ameolewa mbali, ni mkubwa kwake, mjane, na ni mwanamke ambaye watoto wake wazima bado humwogopa. Alikuja kwa basi akiwa na mfuko wa karanga. Hakuingia hata ndani. Alikwenda moja kwa moja kwenye mihogo, akasimama, akamsalimu baba yao kwa Kisukuma, akamweleza kwamba amechelewa kuja kwa sababu ya miguu. Kisha akamgeukia mdogo wake.

"Wanasemaje?"

Masalu akamweleza yote, ramani, alama nyekundu, msichana wa Samuye, mwenyekiti. Akamweleza na habari ya Ignas, kwa hasira, kama mfano wa ulimwengu ulivyoharibika: mwongo ana kaburi kwenye picha, mkweli hana.

Lusia alikuwa anamenya karanga. "Ignas ana kaburi lisilo na mtu," alisema. "Sisi tuna mtu asiye na kaburi. Unalia nini?"

Masalu alikasirika kweli kweli. Alimuuliza dada yake kama umri umeanza kumchezea. Baba yao alikuwa na jina, alisema, na alikuwa na mji na mifugo, hakuwa baba mdogo wa mtu wa Kigoma. Lusia akamwacha aseme mpaka aishiwe. Halafu akamuuliza: magwangala yakishamwagwa, hilo jina atakwenda kuliita akiwa amesimama wapi? Masalu akaingia ndani akalala na viatu.

Asubuhi walikwenda kwa Ignas, na hapo wakakuta jambo ambalo hawakulitegemea. Ignas alikuwa amekonda. Alikuwa amesikia kwamba kitongoji cha jirani yalifukuliwa makaburi, yakakutwa matupu, na wenyewe wakapakiwa kwenye gari la polisi pamoja na misalaba yao. Tangu asikie hayo hakuwa akila vizuri. Lusia alipoeleza shida yao, Ignas alikaa chini kwenye udongo kwa furaha, akaona aibu kwa furaha hiyo, akasimama tena.

"Mwangaluka, wazazi wangu," alisema, salamu ambayo alikuwa ameshaitoa. "Lakini atakuwa Athanas. Jina limeshaingia kwao. Siwezi kulibadilisha, Mzee Masalu. Nikigusa jina wataniuliza mengine."

"Atakuwa Athanas kwao," alisema Lusia.

"Na fidia tutagawana. Naapa."

"Fidia kula mwenyewe," alisema Masalu. "Mimi siuzi mtu."

Ilibaki kupata nafasi. Walinzi wa Kampuni walikuwa wakipita na pikipiki mchana kutwa kuzuia watu kujenga na kupanda vipya, na majirani walikuwa na macho. Nafasi ililetwa na siasa, na Masalu aliposema baadaye kwamba hilo ndilo jambo pekee ambalo siasa imewahi kumfanyia hakuwa anatia chumvi. Mgombea mkubwa alikuwa anakuja Buseresere kwa helikopta. Malori yalitumwa vijijini kubeba watu, fulana zikagawiwa, muziki ukafunguliwa tangu alfajiri, na hadi walinzi wakaziegesha pikipiki zao barabarani wakaone helikopta ikitua. Mwabugalu ilibaki na mbuzi, wagonjwa, na watu watatu wenye majembe.

Kabla ya kuchimba Lusia alinyunyiza maji na unga wa mtama. Masalu akamwambia baba yake kinachofanyika na kwa nini, kwa urefu, kama anavyoelezwa mzee anayepaswa kusafirishwa kwenda hospitali bila kupenda. Ignas alisimama kando na kofia mkononi. Walikosea mara ya kwanza, wakahamia upande wa lango la zamani, na huko jembe likaanza kutoa udongo mweusi, ule mweusi wa zizi, mzito na laini. Ngozi ya ng'ombe ilikuwa imekwisha kabisa. Mifupa ilikuwepo. Kwenye mkono kulikuwa na bangili ya shaba ambayo Lusia aliitambua kabla haijafutwa udongo, akaiangalia, akaifunga kwenye ncha ya kanga yake, maana Athanas wa Kigoma hakuwa na bangili. Ndipo akalia, kidogo, bila sauti.

Kutoka mjini upepo ulileta vipaza sauti. Mgombea alikuwa anaahidi kwamba ardhi ya mwananchi ni ya mwananchi.

Waliwaza kumfunga kwa shuka mpya, Lusia alikuwa nayo tayari, wakatambua haiwezekani: kaburi linalosemwa ni la zamani haliwezi kutoka na shuka ya dukani. Ikabidi alazwe hivyo hivyo kwenye udongo. Masalu alimbeba kwenye karai akivuka mpaka wa mashamba mawili. Walikuwa katikati ya mpaka huo helikopta ilipoinuka kuondoka na kuja upande wao, chini, ikitikisa majani ya mihogo. Masalu akapiga magoti na kulifunika karai kwa kifua chake. Alikaa hivyo mpaka mlio ulipopotea kabisa upande wa Geita. Ignas alipomshika bega kumwinua alikuta shati lote limelowa jasho.

Walilifungua tuta la Athanas upande mmoja, wakachimba chini, wakamlaza mzee Mihayo kichwa kikielekea kule alikoelekezwa mwanzo, wakalirudisha tuta, wakayapanga mawe meupe, kisha wakalifukia shimo la zizini na kupanda juu yake mihogo michanga. Watu waliporudi kutoka kwenye mkutano wamevaa fulana mpya, Masalu alikuwa amekaa mbele ya nyumba yake anachoma mahindi.

Mvua zilipita mara kadhaa, zikalishindilia lile tuta. Kisha ikaja siku ya kuhamisha makaburi. Kampuni ilileta vijana wenye ovaroli nyeupe na barakoa, bwana afya, katekista, na Zipora na kishikwambi chake. Walianzia mwisho wa kitongoji. Kaburi la kwanza lilikuwa tupu, la pili kadhalika, na vijana wa ovaroli wakaanza kutaniana. Kwenye la tatu walimkuta bibi wa watu, wakaacha utani. La nne tupu. Wenye makaburi matupu waliandikwa majina, wakasimama kando wakisema kwa sauti ya chini kwamba udongo wa hapa unakula mifupa.

Kwa Ignas walichimba kivivu. Koleo lilipogusa mfupa, kijana aliyekuwa shimoni aliinua mkono, wote wakavua kofia. Ignas alitoa pumzi ambayo watu waliichukulia kuwa huzuni.

Zipora aliinama ukingoni. Walikuwa wakimtoa mzee kidogo kidogo na kumweka kwenye sanduku la mbao, na kwenye kila mfupa ulikuwa umeganda udongo mweusi. Udongo wa shamba la Ignas ni mwekundu kama tofali. Msichana aliokota kipande cha udongo huo mweusi, akakisugua kati ya vidole. Mtoto yeyote aliyekulia Samuye anajua udongo huo unatoka wapi. Akainua macho akamwona Masalu kwenye kundi la watu, na nyuma yake akaliona shamba la mihogo ambalo katikati mimea ilikuwa michanga kuliko mingine. Akakiacha kipande kile kidondoke. "Endeleeni," aliwaambia vijana.

Makaburi mapya yako ng'ambo ya barabara, yamepangwa mistari kama madawati. Sanduku lilishushwa. Msalaba wa chuma ulikuwa tayari na kibao chake: ATHANAS. Katekista akamwombea Athanas mapumziko ya milele, akaomba dhambi za Athanas zisamehewe, na kila jina hilo lilipotajwa Masalu alimwomba Mungu kimoyomoyo asahihishe. Lusia alikuwa ameambiwa asije, kwa kuwa hakuna aliyemwamini kunyamaza, na hata yeye mwenyewe hakujiamini. Alibaki nyumbani.

"Ndugu wa marehemu waje waweke udongo," alisema Zipora.

Ignas akasogea mbele. Aliinama, akachota udongo, na mkono wake ukaganda hapo hapo. Kuna mambo ambayo hata Ignas hawezi. Mtoto wa kiume ndiye huanza, na mtoto wa kiume alikuwa amesimama nyuma yake. Akageuka, uso umemharibika, akamnyooshea Masalu koleo.

"Mzee, anza wewe," alisema. "Wewe ni mkubwa kwangu."

Watu wakamtazama Masalu. Bwana afya naye akatazama, halafu akaangalia saa yake, halafu akamwambia Zipora kwamba wanaoweka udongo lazima waandikwe na uhusiano wao, ndiyo taratibu. Zipora akakiwasha kishikwambi, akamsogelea Masalu, na akauliza taratibu sana, kwa Kisukuma, kwa namna ambayo angeweza kujibiwa chochote na yeye akaandika chochote.

"Baba, wewe ni nani wake?"

Masalu alikuwa ameshalishika koleo. Alitazama sanduku pale chini, akatazama kibao, akamtazama Ignas, na bwana afya aliyekuwa amesimama hatua mbili tu akisikiliza. Alijibu kwa Kiswahili, ili kila mtu asikie.

"Jirani."

Akamwaga udongo. Zipora akaandika: jirani. Kisha akaita wanaofuata.